UZI: Victor Wanyama alirudi nyumbani kwanza, ndipo akafika

NusuUwanja (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi wa usajili kuna jamaa alitupa neno kwamba Victor Wanyama, kiungo wa Kenya aliyecheza Celtic, Southampton na Tottenham, alibebwa na jina la kaka yake, McDonald Mariga, naye mchezaji. Mwingine akamjibu kwa kupachika lile bao lake la kichwa dhidi ya Barcelona akiwa Celtic, akaondoka kama wakili aliyeshinda kesi. Mimi nimecheza namba sita, yaani kiungo mkabaji, mchangani miaka kumi na moja, goti ndilo lililonistaafisha, kwa hiyo nivumilieni nikiandika kirefu. Naona wote wawili hawakuangalia pale pa kuangalia.

Twende mwanzo. Wanyama kazaliwa Juni 25, 1991, kakulia Muthurwa, Nairobi, kwenye zile nyumba za reli. Baba yake, Noah Wanyama, aliichezea klabu ya AFC Leopards, ile tunayoiita Ingwe, kwa hiyo mpira kwao haukuwa jambo la kuomba ruhusa. Mei 2007, kabla hajatimiza miaka 16, dogo akavaa jezi ya Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, dhidi ya Nigeria. Mwaka huohuo akapelekwa Helsingborg, Sweden, alikokuwa kaka yake. Klabu hiyo wakati ule ilikuwa na Henrik Larsson, yule mfalme wa Celtic, na mtu angedhani njia imeshanyooka.

Haikunyooka. Mariga akaondoka kwenda Parma, mdogo mtu akabaki ugenini hana wa kuzungumza naye lugha ya nyumbani, moyo ukaingia ubaridi, akarudi Kenya.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Simulizi nyingi zinaparuka: "Alianzia Helsingborg, kisha Beerschot." Kati ya maneno hayo mawili kuna kijana wa miaka kumi na sita anashuka kwenye ndege Nairobi, na mtaa mzima unajua alikuwa Ulaya. Mnajua mitaa yetu. Mchezaji akirudi kabla ya muda wake, hata muuza vocha anamuuliza, "Vipi, wamekufukuza?" Wengi huishia hapo. Wanapata timu ya wilaya, wanavaa fulana ya klabu ya zamani mpaka rangi inatoka, na kila kijiweni wanaanza na "mimi nilipokuwa Sweden".

Wanyama akarudi kazini. Mwaka 2008 akasaini mkataba wa miaka minne na Beerschot ya Antwerp, Ubelgiji, na safari hii hakukuwa na kaka chumba cha pili. Alikaa misimu mitatu. Mwaka 2011 Celtic ya Glasgow, Scotland, wakamchukua kwa pauni 900,000, Mkenya wa kwanza kuichezea klabu hiyo. Miaka miwili baadaye, Julai 2013, Southampton wakalipa pauni milioni 12.5. Piga hesabu mwenyewe: karibu mara kumi na nne ya bei waliyomnunulia, na wakati ule hakuna klabu ya Scotland iliyokuwa imewahi kuuza mchezaji kwa fedha nyingi hivyo. Akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza.

Kwa hiyo anayesema alibebwa na kaka, mimi namwambia hivi: mara moja tu ndiyo alibebwa, na mara hiyo ndiyo alishindwa.

Naendelea kwenye posti inayofuata, simu inataka chaji.

Kitasa cha Kushoto

Nimekaa hapa mkuu, usitutelekeze. Uzi wako wa kipa mlevi uliuacha hewani tangu mwaka jana.

NusuUwanja

Kitasa, ule nitaumaliza 😂

Sasa kuhusu bao la Barcelona. Novemba 7, 2012, Celtic Park, wiki ambayo klabu ilikuwa inaadhimisha miaka 125. Dakika ya 21 Charlie Mulgrew anapiga kona, Wanyama anainuka nguzo ya mbali, anauelekeza mpira chini, wavu. Tony Watt akaongeza la pili dakika ya 83, Messi akarudisha moja muda wa nyongeza. Ikaisha 2-1. Kila mtu analikumbuka bao, na ni haki yao.

Lakini tafuteni mechi nzima muiangalie. Barcelona waliushika mpira karibu usiku kucha. Xavi anapokea, anageuka, anatafuta njia ya katikati, na pale anapotaka kupitisha pasi mpenyezo kuna mguu mrefu umeshasimama. Hataki shari, hatelezi chini kuupora mpira, kasimama tu. Xavi anarudisha pembeni. Dakika moja baadaye, vilevile. Hakuna atakayekata kipande hicho akiweke kwenye video ya dakika tatu, kwa sababu hakuna kilichotokea. Na mkata umeme, yaani huyo kiungo mkabaji, analipwa ili kisitokee kitu.

Ndiyo maana huwa nasema ukitaka kumpima kiungo mkabaji, usimwangalie yeye. Waangalie viungo wa wapinzani. Kama wamecheza pasi za pembeni mechi nzima na mabeki wako hawajachafuka jezi, jamaa kafanya kazi. Kuteleza sana si sifa, mara nyingi ni dalili kwamba umechelewa hatua mbili. Kocha wangu wa zamani alikuwa na fimbo ya mpera, akikuona umelala chini anakuuliza, "Ulikuwa wapi kabla hujalala?"

Wanyama naye alijifunza hilo kwa maumivu. Msimu wa 2015/16 pale Southampton alilambwa kadi nyekundu tatu. Tatu! Kwa mtu wa namba sita hiyo ni timu kucheza pungufu kwa sababu yako mwenyewe. Halafu msimu uliofuata yupo Tottenham, kocha Mauricio Pochettino kamfuata tena baada ya kuwa naye Southampton, na jamaa anacheza mechi 36 kati ya 38 za ligi.

Mwana wa Gor (Kisumu)

Wadau, mimi ni K'Ogalo damu, yaani shabiki wa Gor Mahia, mahasimu wa Ingwe, lakini kwa huyu mtoto wa Ingwe naweka bendera chini.

Mleta uzi, umesahau jezi. Celtic alivaa 67, kwa heshima ya kile kikosi cha 1967 kilichochukua Kombe la Ulaya kule Lisbon. Kijana wa Muthurwa aliyezaliwa miaka 24 baada ya fainali hiyo! Pale Glasgow ukivaa namba hiyo ukacheza ovyo hawakusamehi.

Pia mnaposema "alibebwa na Mariga", tumpe Mariga haki yake. Januari 2010 Manchester City walimtaka, kibali cha kazi kikaleta shida, dili likafa. Siku chache baadaye akatua Inter ya Mourinho, na mwezi Mei ile timu ikabeba ligi, kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa. Sisi huku tulikuwa bado tunamlilia kwa kukosa City.

NusuUwanja

Mwana wa Gor, asante, na hilo la kibali linanipeleka kwenye ngazi ambazo mchezaji wetu hupanda kufika Uingereza.

Wakati ule sheria ya Uingereza kwa wachezaji wa nje ya Ulaya ilitaka mambo mawili: nchi yako iwe ndani ya 70 bora za FIFA, na wewe uwe umecheza asilimia 75 ya mechi za ushindani za taifa katika miaka miwili. Kenya ilikuwa nje ya 70, Tanzania ndiyo kabisa. Mchezaji wetu alilazimika kupita kwenye jopo la rufaa, klabu inasimama mbele ya watu inajaribu kuwashawishi kwamba huyu ni kiwango cha juu. Sasa jopo litashawishikaje? Kwa mechi ulizocheza. Wanyama alipokwenda Southampton alikuwa ametoka kuifikisha Celtic 16 bora ya Ligi ya Mabingwa, kwenye kundi lenye Barcelona, Benfica na Spartak Moscow. Juventus waliwatoa kwa jumla ya mabao 5-0, lakini kijana alikuwa ameshaonekana.

Siku hizi, tangu 2021 baada ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, ni mfumo wa alama. Unahitaji 15, na alama nyingi zinatokana na ubora wa ligi unayotoka na dakika ulizocheza huko. Dakika, wakuu. Kijana anayekaa benchi kwenye klabu kubwa anaweza kukosa alama ambazo mwenzake anayecheza kila wiki Ubelgiji anazipata. Ndiyo maana Ubelgiji inajirudia kwenye hadithi zetu. Mtanzania Mbwana Samatta alipita Genk ya Ubelgiji, akachukua ubingwa wa 2018/19 na mabao 23 ya ligi, ndipo Aston Villa wakaja Januari 2020. Mkenya Johanna Omolo kazunguka klabu za Ubelgiji zaidi ya miaka kumi. Mtanzania Novatus Dismas katoka Azam akaenda Israel, kisha Zulte Waregem, Shakhtar, halafu Göztepe ya Uturuki. Hakuna hata mmoja aliyeruka kutoka Dar au Nairobi moja kwa moja akatua London.

Shangazi wa Yanga

Naomba kuuliza wanangu, msinicheke. Mnasema mkata umeme hapimwi kwa mabao, sasa mbona ninayemkumbuka mimi ni yule wa bao la Liverpool? Mume wangu alilia siku ile.

NusuUwanja

Shangazi, shikamoo. Alilia kwa furaha au ni shabiki wa Liverpool?

Februari 4, 2018, Tottenham ugenini Anfield, uwanja wa Liverpool. Liverpool wanaongoza 1-0. Wanyama anaingia kumpokea Mousa Dembélé zikiwa zimebaki kama dakika kumi. Krosi ya Eriksen inakuja, kipa Karius anaupiga ngumi, mpira unatoka nje ya boksi, na huyu anaukuta ukiwa bado unadunda. Hausimamishi. Anauchapa vile ulivyo, unaingia juu kabisa. Likawa bao bora la mwezi la ligi. Baada ya hapo mechi ikaingia wazimu: Kane wa Tottenham akakosa penalti, Salah wa Liverpool akafunga dakika ya 91, Kane akapata penalti nyingine akasawazisha. 2-2.

Nitakuambia kwa nini bao lile linanigusa mimi zaidi ya la Barcelona. Agosti 2017, baada ya mechi na Chelsea pale Wembley, goti lilimpeleka nje mpaka Januari. Lile shuti la Anfield ni la mtu aliyerudi mwezi mmoja tu uliopita.

Na kusema kweli, baada ya goti hakurudi yule yule. Angalieni mechi zake za ligi pale Tottenham: 36, halafu 18, halafu 13, halafu 2. Mechi 69, mabao 6. Hizo namba nne ukizisoma kwa sauti unasikia goti likilia.

Niseme jambo la mwenye goti bovu. Watu hudhani jeraha la goti linakunyima mbio. Mbio unaweza kuishi bila hizo, namba sita wengi hawana mbio. Kinachokufa ni ile hatua ya kwanza. Mpinzani anapokea mpira akiwa kakupa mgongo, wewe zamani ulikuwa umeshafika kabla hajageuka. Sasa akili inakuambia nenda, mguu unauliza, "Una uhakika?" Nusu sekunde hiyo tu. Amegeuka, na wewe umebaki na chaguo mbili: kumwacha apite au kumwangusha. Nje ya uwanja hakuna anayeona tofauti, wanasema tu "kiwango kimeshuka". Mke wangu mpaka leo ananiambia sikuwa naumwa, nilizeeka.

Kitasa cha Kushoto

Shemeji yuko sahihi.

Ila mkuu hujataja kwamba Mei 14, 2017 alifunga kwa kichwa dhidi ya Manchester United katika mechi ya mwisho kabisa ya White Hart Lane, uwanja wa zamani wa Tottenham, krosi ya Ben Davies. Dakika ya sita. Wakashinda 2-1 na kumaliza nafasi ya pili na pointi 86. Halafu Aprili 2019 wakiwa uwanja mpya, akawafunga Huddersfield bao la kwanza kwenye ile 4-0 ambayo Lucas Moura alipiga matatu. Uwanja wa zamani kafunga, uwanja mpya kafunga. Mkata umeme gani huyo?

Mwana wa Gor (Kisumu)

Na nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa je? Ajax, Amsterdam, Mei 2019. Alianza mechi zote mbili. Ile ya marudiano Spurs, yaani Tottenham, wako nyuma 2-0 mapumziko, jumla 3-0, anatolewa anaingia Llorente, wanapanga mipira mirefu, Lucas anapiga matatu, wanafuzu. Sisi tuliokuwa tunaangalia pale mjini tulishangilia na kuuma kidole. Fainali ya Madrid na Liverpool alikaa benchi dakika zote 90.

Naomba mnijibu: huo usiku wa Amsterdam ni wake au si wake?

NusuUwanja

Swali gumu. Kwangu ni wake nusu. Timu ikiwa inahitaji mabao matatu, anayetoka ni yule ambaye kazi yake ni kuzuia. Pochettino hakukosea. Na kama umewahi kutolewa mapumziko halafu wenzako wakapindua meza, unajua unavyoshangilia: unaruka kuliko wote, ukifika chumba cha kubadilishia nguo unakaa kimya ukifungua viatu polepole. Nimeiishi hiyo kwenye kombe la mbuzi, sembuse nusu fainali ya Ulaya.

Ubungo Kisiwani

Wakuu, sisi wa Ubungo mbona hamtutaji? Juni 2017 jamaa alikuja Dar mapumzikoni, akapewa mtaa! Kibao kikawekwa, kimeandikwa Viktor kwa K. Hakikudumu, kikang'olewa. Mkenya kapewa mtaa Dar na Watanzania wenyewe hatuna, watu walichachamaa kweli kweli.

Shangazi wa Yanga

Kwani Samatta alikuwa na mtaa wakati huo? Kelele zilikuwa halali.

Ubungo Kisiwani

Shangazi, kelele zilikuwa halali lakini kibao tungekiacha mpaka Juni 27, 2019. Hapo ndipo tungekuwa na sababu ya kuking'oa 😂 Cairo, AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika), Kenya 3 Tanzania 2, sisi tukiongoza mara mbili, Msuva na Samatta, halafu Olunga anapiga mawili na Omolo moja. Nahodha wao nani? Wanyama.

Mwana wa Gor (Kisumu)

Ndugu zangu wa Tanzania, poleni, sikutaka kulianzisha mimi.

Lakini niwe mkweli. Kundi lile Algeria walitufunga 2-0, Senegal 3-0, tukarudi nyumbani. Na hiyo ilikuwa AFCON yetu ya kwanza tangu 2004. Nahodha wetu alistaafu timu ya taifa Septemba 2021 na mechi 64. Kuna wakati mashabiki wetu walimlaumu kwamba kwa Kenya hachezi kama anavyocheza Ulaya. Mimi nililaumu pia. Leo nikiangalia tena naona tulimtaka awe kila kitu: akabe, achezeshe, apige mipira iliyokufa, afunge. Southampton alikuwa na Schneiderlin pembeni yake, Spurs alikuwa na Dembélé. Kwetu alikuwa na dua.

NusuUwanja

"Kwetu alikuwa na dua." Nimeiba hiyo.

Nimalizie safari yake. Machi 2020 akaenda Montreal, kwa kocha Thierry Henry. Alisajiliwa kwa ile nafasi maalumu ya ligi ya Marekani na Kanada ambayo mshahara wa mchezaji unaruhusiwa kuvuka kikomo, na kila klabu ina nafasi chache tu za aina hiyo. Akafika, na korona ikafika. Mipaka ya Kanada ikafungwa, timu ikamalizia mechi zake za nyumbani New Jersey. Fikirieni, umehama bara zima, na "nyumbani" kwako kupo nchi nyingine. Hata hivyo alidumu mpaka 2024. Mwaka 2021 timu ikabeba kombe la Kanada kwa kuifunga Toronto, na 2022 wakamaliza wa pili ukanda wa mashariki kwa pointi 65. Mwaka 2025 akaenda Dunfermline, Scotland, mkataba mfupi, kwa Neil Lennon, yule yule aliyekuwa kocha wake Celtic. Mtu anayefuatwa na makocha wake wa zamani, Pochettino mara ya pili na Lennon mara ya pili, huyo si wa kubebwa.

Baba Kiungo

Habari za jioni wakuu. Mimi ni msomaji wa kimya humu, leo nimejisajili kwa ajili ya uzi huu.

Nina kijana wa miaka 16, anacheza namba sita. Kuna bwana kajitambulisha kuwa ni wakala, anasema ana klabu Ulaya inamtaka, ila tulipie viza na "ada ya usajili wa awali". Kataja Wanyama hivyo hivyo, kwamba naye aliondoka na miaka 16. Nyumbani mama yake tayari ameshaanza kuuliza bei ya mashine yake ya kusaga kama tukiiuza. Nifanyeje?

NusuUwanja

Baba Kiungo, karibu sana, na mashine isiuzwe.

Kanuni za FIFA, kifungu cha 19, zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18. Kuna milango michache: wazazi wamehamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira, au ni uhamisho wa ndani ya Umoja wa Ulaya kwa wa miaka 16 hadi 18, au mnaishi karibu na mpaka, nyumbani na klabu zote ndani ya kilomita 50 za mpaka. Hata penye mlango, maombi yanapelekwa na shirikisho la nchi, na FIFA wenyewe wanaidhinisha. Udhibiti wa leo si wa 2007. Mfumo wa kompyuta wa uhamisho umekuwa wa lazima tangu 2010, kila kitu kinaacha alama.

Kwa hiyo ukimsikia mtu anakuambia atampeleka mtoto wa miaka 16 kucheza Ulaya na anachokosa ni nauli, ama hajui sheria ama anaijua vizuri mno. Klabu inayomtaka mchezaji inaandika barua rasmi kwa klabu yake au shirikisho, na inalipa tiketi yenyewe. Muulize jina la klabu, kisha wewe mwenyewe uwaandikie hao klabu kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao. Usitumie namba atakayokupa yeye. Leseni yake ya uwakala pia inatafutika kwenye tovuti ya FIFA.

Miaka miwili iliyobaki acheze. Ligi yoyote, ila acheze dakika 90. Kijana ana kadi ya usajili kwenye timu yake ya sasa?

Baba Kiungo

Timu ya mtaani, mwalimu wao anaandika majina tu kwenye daftari.

Kocha Daftari

Wakuu, mimi ndio hao waalimu wa madaftari, niseme kitu.

Mchezaji akihama kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa ada, asilimia 5 ya ada hiyo inagawiwa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15 ni asilimia 0.25 ya ada, na kuanzia 16 hadi 23 ni 0.5 kwa msimu. Chukueni ada ya Southampton, milioni 12.5. Scotland na England zina mashirikisho tofauti, kwa hiyo unahesabika uhamisho wa kimataifa. Msimu mmoja tu wa mtoto wa miaka 13 kwenye ada kama ile ni pauni 31,250. Kwa timu zetu hiyo ni uwanja, mipira na basi dogo.

Ila wanalipwa wenye karatasi. Klabu iwe imesajiliwa na shirikisho, mchezaji awe na usajili wa tarehe hadi tarehe, ili siku ya siku historia yake itengenezwe kuanzia hapo. Mimi nilikuwa na kijana, jina lake silitaji, alitoka kwangu akaenda klabu moja, nayo ikamuuza nje. Nilipokwenda kuuliza nikaambiwa, "Mwalimu, ushahidi?" Nina ushahidi gani? Nilimnunulia viatu, nilimpeleka hospitali alipovunjika mkono, chapati amekula kwangu. Usajili sikuwa nao. Nikapewa soda, nikarudi.

Baba Kiungo, mwambie mwalimu wa kijana wako asajili timu msimu huu huu. Hela ya yule wakala inatosha na kubaki.

Kitasa cha Kushoto

Soda gani lakini, mwalimu?

Kocha Daftari

Ya baridi. Sikuinywa, niliibeba nikampa mtoto wangu.

Baba Kiungo

Asanteni sana wote. Yule bwana nimempigia, nimemwomba jina la klabu kwa maandishi. Amesema yuko kikaoni atanitafuta.

Mwalimu wa kijana amekuja nyumbani usiku huu na daftari lake. Kurasa za mwanzo zimeingia maji, lakini majina yanasomeka. Kijana wangu yupo ukurasa wa tatu, tarehe aliyojiunga imeandikwa, alikuwa na miaka kumi na miwili na mwezi mmoja. Mama yake ndiye anayenakili sasa hivi kwenye daftari jipya, mimi namsomea.

NusuUwanja

Andika na namba za vyeti vya kuzaliwa, kaka. Pigeni picha kila ukurasa kabla hamjalala.